Bega Lililoganda Lina Kalenda Yake

Ukimwambia mtu kwamba bega lako limeganda, jibu la kwanza ni kwamba ulilala vibaya. La pili ni baridi. La tatu ni umri. Nilipewa yote matatu na watu walionitakia mema, na hakuna hata moja lililonieleza kwa nini mkono wangu wa kushoto ulikuwa unakataa kufika mahali ulipozoea kufika tangu utotoni. Nina miaka 53, nafundisha hisabati, na siku hizi bega limerudi karibu lote. Wakati linauma nilitamani sana kuambiwa jambo moja ambalo nililipata vipande vipande: ugonjwa huu una hatua zake, na tiba inayofaa katika hatua moja huweza kuwa adha katika hatua nyingine.

Halikuanza kwa kishindo. Sikuanguka, sikubeba mzigo, sikugongwa. Kulikuwa na maumivu butu upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega, pale panapodungwa chanjo, na kwa kuwa hapo pana msuli nilidhani ni msuli. Bega lina tabia hiyo: tatizo liko ndani ya kiungo, maumivu yanasikika chini yake, wakati mwingine hadi karibu na kiwiko. Nikipapasa sikuona uvimbe wala joto. Nikijitazama kwenye kioo, mabega yalikuwa sawa. Ugonjwa usioonekana una shida yake ya ziada, maana hata mwenyewe unaanza kujiuliza kama unadeka.

Kisha yakaja maumivu ya ghafla. Kitu kinataka kuanguka mezani, mkono unakurupuka kukidaka kabla akili haijaukataza, na papo hapo maumivu yanakukata pumzi. Unaushika mkono, unainama, huwezi kuongea. Baada ya dakika moja au mbili yanapita, na waliokuwa karibu wanakutazama wasijue kama wacheke au waite gari.

Lakini usiku ndio uliokuwa mtihani. Mchana mtu ana shughuli, mkono unaning'inia ubavuni na kusahaulika. Usiku hakuna pa kuuweka. Ukilala chali, kiwiko kinadondoka chini ya usawa wa kifua na kulivuta bega. Ukilalia upande mgonjwa unaamka kwa kuruka. Ukilalia upande mzima, mkono mgonjwa unaangukia mbele na kuvuta vilevile. Kilichoniokoa ni mito. Nikilala chali naweka mto mwembamba chini ya mkono, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, kiwiko kiwe juu kidogo ya godoro. Nikilalia upande wa kulia nakumbatia mto mnene, mkono wa kushoto ukipumzika juu yake. Ni jambo dogo, lakini kwa usingizi wangu lilizidi kila kidonge nilichopewa. Vidonge nilimeza pia, sikatai. Parasetamoli ilinisaidia kidogo, na zile za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni, zilizidi kidogo. Ila hizi za pili zina ugomvi na tumbo, figo na shinikizo la damu, kwa hiyo si za kujinunulia mwezi baada ya mwezi bila mtu wa kukufuatilia.

Ugumu ulinyemelea nyuma ya maumivu. Kwanza nilishindwa kufunga sidiria nyuma, nikawa naifunga mbele na kuizungusha. Kisha nikashindwa kufikia kisogo. Shati likawa na utaratibu wake: mkono mgonjwa huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Darasani, mkono wangu wa kulia ndio unaochora na wa kushoto ndio unaoshikilia rula. Wanafunzi waliona kabla yangu kwamba michoro yangu yote ilikuwa imehamia nusu ya chini ya ubao.

Jambo jingine ambalo sikuliona ni jinsi nilivyokuwa nikidanganya bega. Kiungo kikikataa kwenda, fupa la kombe la bega huteleza juu kukisaidia, na mtu anaonekana kama ameinua bega kuelekea sikioni. Mkono unapanda kweli, unadhani bado unaweza, kumbe kazi yote inafanywa na misuli ya shingo na ya mgongo wa juu. Ndiyo maana nilikuwa naumwa shingo jioni. Wengi wenye bega hili huanza kutibiwa shingo.

Nilipofika kwa daktari nilitarajia mashine. Alianza kwa mikono yake.

"Mama, kunja kiwiko, kibandike ubavuni," alisema. "Sasa peleka kiganja nje, kiwiko kisiondoke hapo."

Mkono wa kulia ulikwenda mbali bila tabu. Wa kushoto ulitoka tumboni, ukaelekea mbele, ukaishia hapo.

"Haya, sasa ulegeze kabisa. Niachie mimi."

Akausukuma polepole. Ukakwama palepale nilipokwama mwenyewe.

"Hili si la msuli," alisema. "Ungekuwa msuli umechanika, mimi ningeupeleka pale uliposhindwa wewe."

Nimekuja kuamini kwamba kipimo hicho cha nusu dakika kina thamani kuliko picha nyingi. Katika bega lililoganda, mkono hauendi ukiuendesha mwenyewe na hauendi ukiendeshwa na mwingine, na mwendo unaopotea mapema na kwa wingi ni ule wa kuuzungusha nje. Mtu mwenye kano iliyochanika hushindwa kuinua mkono, lakini akisaidiwa unapanda. Mwenye maumivu yanayotoka shingoni mara nyingi huumwa akigeuza kichwa, na bega lake hugeuka vizuri tu.

Hata hivyo alitaka eksirei. Niliuliza kwa nini, kama jibu analo tayari. Akasema yapo magonjwa mawili yanayoweza kulikaza bega vivyo hivyo: gegedu la kiungo likiwa limelika, na bega lililoteguka kwa nyuma bila kugundulika, jambo linalotokea hasa kwa mtu aliyepata kifafa au kupigwa na umeme. Picha huyaonyesha hayo, hasa ikipigwa kutoka pembe zaidi ya moja. Picha ya bega lililoganda, yenyewe, kwa kawaida haina kitu. Kwa hiyo picha safi mikononi mwa mtu anayelia kwa maumivu haina maana kwamba anatunga. Alinihoji pia kama nina homa, kama nimepungua mwili, kama kuna donge, kama niliwahi kuwa na saratani, na kama maumivu huja pamoja na kubanwa kifua au kukosa pumzi nikitembea. La mwisho ni la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, si la kusubiri miadi ya bega. Mkono wa kushoto una majirani wengi.

Kisha akaniagizia kipimo cha sukari, na hapo ndipo safari ilipogeuka.

Sikuwa najijua kuwa na kisukari. Sikuwa na kiu ya ajabu, sikuwa nakwenda chooni usiku zaidi ya kawaida. Kipimo kilikuwa kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takribani miezi mitatu iliyopita, ambacho kikifika asilimia 6.5 au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari. Changu kilikuwa kimepita hapo. Daktari hakushangaa. Kwa jumla bega huganda kwa watu kati ya 2 na 5 katika kila 100, hasa walio kati ya miaka 40 na 60, na wanawake wanazidi wanaume. Kwa wenye kisukari makadirio hupanda hadi 10 au 20 katika kila 100, na mabega yao huwa mabishi zaidi. Tezi ya shingoni nayo ina mkono wake katika jambo hili, iwe inafanya kazi kupita kiasi au chini ya kiwango. Bega huganda pia baada ya kutulizwa kwa muda mrefu, kama baada ya kuvunjika mkono, kupooza kwa kiharusi, au upasuaji wa titi au wa moyo. Kama bega lako limeganda bila sababu unayoijua, omba sukari ipimwe. Mimi bega liliniumiza mwaka mzima na zaidi, lakini ndilo lililonifichulia ugonjwa ambao ungeendelea kunitafuna kimyakimya.

Ndani kuna nini hasa? Kiungo cha bega kimefungwa ndani ya mfuko wa utando mgumu kiasi, unaoitwa kapsuli. Mkono ukiwa umeshuka, sehemu ya chini ya mfuko huo hulegea na kukunjana ndani ya kwapa, kama kitambaa cha ziada chini ya mkono wa shati pana. Ukiinua mkono, mikunjo inafunguka. Katika ugonjwa huu utando unawaka, unapata mishipa mipya midogo, kisha seli zinazotengeneza makovu zinamwaga nyuzi za kolajeni, protini inayojenga makovu, mpaka mfuko unanenepa na kusinyaa. Mikunjo inatoweka. Sehemu ya mbele ya juu, ambako kuna kano inayotoka kwenye fupa la kombe la bega hadi kwenye fupa la mkono, hukaza sana, na ndiyo sababu kuzungusha nje kunazuilika kuliko miendo mingine. Bega lisilo na ugonjwa hupokea mililita 15 za maji au zaidi ukilijaza kwa sindano. Lililoganda mara nyingi halifikishi 10. Sukari iliyozidi inaaminika kuchangia kwa kujibandika kwenye kolajeni na kuzishikamanisha nyuzi zake, ila chanzo kamili cha moto ule wa mwanzo bado kinabishaniwa.

Na ubishi huo si wa jana. Daktari Mfaransa Simon-Emmanuel Duplay aliueleza ugonjwa huu mwaka 1872. Mmarekani Ernest Codman ndiye aliyeupa jina la bega lililoganda mwaka 1934, na katika maandishi yake alikiri kwamba ni mgumu kuufafanua, mgumu kuutibu na mgumu kuueleza. Mwaka 1945 Julius Neviaser akaonyesha kwamba shida iko kwenye kapsuli yenyewe. Kukiri kwa Codman kulinifariji kuliko maneno ya matumaini niliyopewa. Mtu aliyelisoma bega maisha yake yote akisema jambo ni gumu, mwalimu wa hisabati anaruhusiwa kutolielewa kwa wiki moja.

Sasa ile kalenda. Hatua ya kwanza ni ya kuanza kuganda: maumivu ndiyo mfalme, mwendo unapungua kila wiki, na huchukua tangu wiki sita hadi miezi tisa hivi. Ya pili ni ya bega lililokwisha kuganda, maumivu yanatulia lakini bega ni gumu. Miezi minne hadi kumi na miwili. Ya tatu ni ya kuyeyuka, mwendo unarudi taratibu, na inaweza kuchukua miezi mitano hadi miaka miwili. Mipaka haina ukuta, hatua huingiliana, na wapo wanaopita haraka zaidi. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye hesabu hizo zilikuwa msaada, kwa sababu kila nilipoona sijapona baada ya miezi minne sikuhitaji kutafuta mchawi.

Katika hatua ya kwanza nilichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kuzima uvimbe, ndani ya kiungo. Tulizungumza kwanza, kwa sababu ya sukari. Dawa hiyo huipandisha kwa siku kadhaa, na mwenye kisukari lazima ajue hivyo kabla, ajipime mara nyingi zaidi, na awe amekubaliana na daktari afanye nini ikipanda sana. Yangu ilipanda kweli, ikashuka ndani ya wiki. Lakini usingizi! Nilikuwa nimesahau usiku mzima unafananaje. Bega lenyewe halikufunguka kwa sababu ya sindano, na hili watu hulielewa vibaya, wanachomwa leo na kesho wanajaribu kugusa dari, kisha wanasema haikufanya kazi. Faida yake kubwa ni kupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, hasa ikitolewa mapema, utando ungali unawaka. Bega likishakuwa gumu na lisilouma, sindano haina cha kuzima. Wala si kitu cha kurudiarudia kila unapojisikia.

Wiki hizo za nafuu ndizo nilizozitumia kwa fiziotherapia. Aliyenihudumia alikuwa binti wa umri wa wanangu, na siku ya kwanza aliniwekea sharti.

"Mama, leo hatuvuti kitu. Na ukitoka hapa unaumwa kuliko ulivyoingia, nimekosea mimi, si wewe."

Alinifundisha zoezi lenye asili kwa huyohuyo Codman. Unainama mbele, mkono mzima umeegemea meza, mkono mgonjwa unauacha uning'inie, kisha unautikisa mwili taratibu ili mkono uzunguke miduara midogo. Ufunguo ni kwamba bega halifanyi kazi. Mwili ndio unaoyumba. Wengi huuzungusha mkono kwa misuli ya bega, na hapo zoezi linakuwa jingine kabisa. La pili lilikuwa kukaa mezani, viganja juu ya kitambaa, na kutelezesha mikono mbele huku kifua kikifuata. Mara kadhaa kwa siku, kwa dakika chache. Alinikataza pia kuufunga mkono shingoni kwa kitambaa. Bega likitulizwa kabisa linaganda zaidi. Likilazimishwa linawaka zaidi. Katikati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na alama zake ni rahisi: kuvutika ni sawa, maumivu yanayopoa muda mfupi baada ya zoezi ni sawa, maumivu yanayokuamsha usiku au kuendelea hadi kesho yake yanamaanisha umezidisha.

Nilimuuliza mbona wengine huvutwa hadi wanapiga kelele. Alinieleza utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wagonjwa 77 kwa miaka miwili. Kundi moja lilifanya mazoezi mazito ya kunyoosha kupita kiwango cha maumivu. Jingine liliachwa lifanye mazoezi mepesi ndani ya uvumilivu wao na kuendelea na shughuli wanazoziweza. Mwisho wa miaka miwili, asilimia 89 ya kundi la upole walikuwa na bega la kawaida au karibu na kawaida, dhidi ya asilimia 63 ya waliovutwa. Ni utafiti mdogo, lakini nilikuwa nao mfukoni kila jamaa aliponiambia anamjua mtu mwenye mikono ya nguvu atakayelifungua bega langu kwa siku moja. Niliwashukuru na kubaki na mto wangu. Kwenye benchi la kusubiria nilikutana na baba mmoja aliyekubali kufunguliwa hivyo. Alikuja na bega lililokuwa gumu vilevile, sasa likiuma mchana na usiku.

Kuchua misuli ya shingo na mgongo, hilo ni jambo tofauti. Misuli hiyo imechoka kwa kubeba kazi ya bega, na kuisinga kunaleta nafuu. Ila mfuko wa kiungo uko ndani sana, mafuta hayaufikii.

Nilijuaje kwamba nimeingia hatua ya pili? Siku moja nilidaka kitu kilichokuwa kinaanguka, nikasubiri maumivu, hayakuja. Mkono ulikuwa bado hauendi popote, lakini ulikuwa umenyamaza. Hapo sheria zilibadilika. Maumivu ya kupumzika yakiisha na kubaki yale ya mwisho wa mwendo tu, bega linaweza kuvutwa kwa nguvu kidogo na kwa muda mrefu zaidi. Nilianza kila mara kwa taulo lililochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, dakika kumi hivi juu ya bega. Kisha fimbo: nalala chali, viwiko ubavuni, nashika fimbo kwa mikono miwili, mkono mzima unausukuma mgonjwa kwenda nje na kuushikilia hapo. Hilo ndilo zoezi nililolipa heshima kubwa, kwa kuwa ndilo linalogusa mwendo uliopotea zaidi. Kisha ukuta, vidole vikipanda kidogokidogo huku mtu mwingine akikukemea ukiinua bega sikioni. Kisha kuuvuta mkono kifuani kuelekea bega la pili. Taulo la nyuma ya mgongo, mkono mzima juu na mgonjwa chini, liliachwa mwisho kabisa, na hata hivyo lilinichosha roho. Mwendo wa nyuma ya mgongo ndio uliochelewa kuliko yote.

Kwa kuwa siwezi kuishi bila kupima, nilitumia kipimapembe cha ubaoni. Kiwiko ubavuni, kaka yangu akisoma. Mwanzoni kushoto kulikuwa nyuzi 10 wakati kulia kulikuwa zaidi ya 60. Nilitarajia mstari unaopanda. Niliyopata ni wiki nyingi za namba ileile, kisha kuruka kwa nyuzi tano bila kufanya kitu cha ziada, kisha kusimama tena. Ningependekeza kupima mara moja kwa mwezi na si zaidi. Ukipima kila siku utaliona bega halisogei, na utaanza kulilazimisha.

Kuhusu njia nzito zaidi sina uzoefu wangu, nina niliyoelezwa nilipouliza. Ipo ya kuujaza mfuko wa kiungo maji ya chumvi pamoja na steroidi na ganzi ili utanuke. Ipo ya kulazwa kwa nusu kaputi na daktari akalifungua bega kwa mikono. Ipo ya kuingiza kamera ndogo na kuikata kapsuli iliyokaza. Uingereza walizilinganisha hizo mbili za mwisho na fiziotherapia yenye mpangilio pamoja na sindano, kwa wagonjwa 503, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja makundi yote matatu yalikuwa yameimarika, na hakuna njia iliyoishinda nyingine kwa tofauti ambayo mgonjwa angeihisi kuwa kubwa. Waliofanyiwa upasuaji wa kamera walihitaji tiba ya ziada kwa uchache zaidi, lakini madhara makubwa, ingawa yalikuwa machache, mengi yaliwapata wao. Daktari aliniambia angenipeleka huko tu kama miezi ingepita bila nyuzi hata moja kurudi. Kwa wenye kisukari hilo hutokea zaidi, na si aibu wala si uvivu wa mazoezi.

Watu husema bega hili hupona lenyewe. Ni kweli nusu. Wengi hurudi kwenye shughuli zao zote, lakini wagonjwa wakifuatiliwa kwa miaka, sehemu kubwa hubaki na maumivu madogo au upungufu wa mwendo. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1992, uliowaangalia wagonjwa baada ya wastani wa miaka saba, nusu yao walikuwa na kimojawapo. Mimi nimo katika nusu hiyo. Mkono unafika juu, rula inashikika juu ubaoni, nyuma ya mgongo nafika kiunoni na kidogo zaidi, na sidiria naendelea kuifunga mbele. Sioni sababu ya kulipigania hilo.

Ni nadra bega lilelile kuganda tena. La upande wa pili ndilo la kuangaliwa, kwa sababu kwa baadhi ya watu hufuata ndani ya miaka michache, na kisukari huongeza uwezekano huo. Kwa hiyo kila ninapokwenda kupimwa sukari, kiwiko cha kulia nakibandika ubavuni na kupeleka kiganja nje. Tumeshapanga na daktari: pembe ikipungua na maumivu ya usiku yakianza, sindano itafikiriwa mapema, fiziotherapia iwe ya upole tangu mwanzo, na vipimo vya sukari viongezwe kwa wiki hiyo.